Rudia tafadhali: barua ya wazi kwa wakubwa wa tamthilia za Uingereza

Kwenu wakubwa wa tamthilia pale BBC, ITV na Channel 4, na nyie wengine mnaoshikilia mafungu ya hela za filamu,

Habari za kazi. Naandika kwa Kiswahili makusudi kabisa, kwanza ndo lugha ninayojua kukasirika nayo vizuri, pili BBC mna Idhaa ya Kiswahili tangu 1957, watu wa kuwasomea mnao wenyewe, mkikwama waiteni. Na mkifika mahali hamjaelewa semeni tu "rudia tafadhali", mtajua huko mbele kwa nini nacheka.

Mimi ni mtu wa Tengeru, Arusha. Naishi magharibi ya London mwaka wa kumi na moja sasa, napanga mizigo ghalani, shifti ya usiku. Najua mtauliza Mmeru wa Tengeru anatafuta nini kwenye mambo ya marubani wa Polandi na Chekoslovakia waliopigana upande wa Uingereza mwaka 1940, na jinsi mnavyowaonyesha kwenye skrini. Swali zuri, ngoja niwajibu kabla hamjaifunga barua.

Kwetu Tengeru, ukiingia upande wa chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi. Yako karibu 150, yamepangwa vizuri chini ya miti, majina yake mtoto wa shule ukiyasoma unadhani fundi alikosea, z na w zimelundikana kama foleni ya mwendokasi. Hao watu Stalin aliwachomoa makwao mwaka 1940 akawapeleka Siberia na kwingineko, wakatoka kupitia Iran, wanaume wengi wakaenda jeshini na wanawake na watoto wakatawanywa, na 1942 wakaanza kufika kwetu, ikafika wakati kambi ile ikawa na watu karibu elfu tano. Bibi yangu alikuwa binti mdogo, akiwapelekea maziwa na ndizi. Mpaka anafariki alikuwa akikutana na mzungu yeyote yule, awe Mjerumani awe Mmarekani, anamwambia "jindobre", salamu ya Kipolandi, halafu anasubiri ajibiwe. Wasipojibu anasema huyu hana adabu.

Kwa hiyo mimi hawa watu nimekua nao, ila waliokufa.

Sasa twende kwenye kesi yenyewe. Sikukuu iliyopita tulikuwa kantini na mzee mmoja wa Kipolandi tunafanya nae kazi, tivi ipo ukutani, ikawekwa ile filamu yenu kubwa ya 1969, Battle of Britain, ya mapigano ya angani ya 1940 kati yenu na Wajerumani. Ni filamu nzuri, sipingi, ndege za kweli zinaruka kweli sio hizi za kompyuta. Ikafika ile sehemu ya Wapolandi wako mazoezini angani, kiongozi wao Mwingereza anahangaika nao, wanaongea wenyewe kwa wenyewe kama kuku sokoni, ghafla wakawaona Wajerumani, huyo mmoja kachomoka, wa pili kachomoka, kiongozi anapiga kelele kwenye redio warudi, wao wanamjibu kwa kiingereza kibovu "rudia tafadhali", "rudia tafadhali", kana kwamba hawajasikia, wakashuka wote kama watoto walioona gari la aiskrimu. Kantini nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, nisiwadanganye. Yule mzee hakucheka, akachukua chai yake akatoka nje kuvuta sigara, kwenye mvua.

Nikamfuata. Akaniambia kitu kimoja tu, kwamba yule mtu ana jina.

Na kweli anajina, anaitwa Ludwik Paszkiewicz. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 30 Agosti 1940, kikosi cha 303 cha Wapolandi kutoka Northolt kilikuwa kwenye mazoezi ya kusindikiza ndege za mabomu za Kiingereza aina ya Blenheim, na Paszkiewicz akaona Wajerumani. Akamwita mkuu wake Ronald Kellett kwenye redio, akamtaarifu. Hakujibiwa. Ndo akaenda, peke yake, akaishusha ndege ya adui, akarudi. Hakuna mtoto mtundu hapo na hakuna darasa zima lililotoroka. Ni ofisa mmoja mwenye miaka 32, rubani mzoefu, aliyeripoti kwa utaratibu kama alivyofundishwa na upande wa pili wa redio ukanyamaza. Kesho yake, tarehe 31, kikosi kikaruhusiwa kupigana rasmi. Na tarehe 27 Septemba Paszkiewicz akauawa vitani. Hajamaliza hata mwezi.

Mnaona mlichokifanya? Kwenye ukweli aliyeshindwa kujibu redio sio Mpolandi. Kwenye filamu mkaigeuza, Mpolandi ndo kiziwi, na ulimi wake ndo kichekesho. Mimi ninaeishi hapa na lafudhi yangu ninaijua hiyo kitu vizuri sana jamani. Unaongea mara ya kwanza, mtu anakukunjia uso, unarudia, anakukunjia tena, mara ya tatu anajibu kitu ambacho hukuuliza, halafu kwenye ripoti inaandikwa wewe ndo una tatizo la mawasiliano. Na hao Wapolandi nyie mmewaona ni watu wa hasira na papara, wanachojua ni kuua Wajerumani na kumbusu mkono binti wa watu.

Tuseme na ya upande wao, watengenezaji wa ile filamu mwishoni wameweka orodha ya marubani kwa nchi zao na Wapolandi na Wacheki wamo. Nawapa haki yao. Hesabu inayotumika siku hizi ni Wapolandi 145 na wa Chekoslovakia 88 kwenye mapigano yale, ndo kundi kubwa la wageni wasiotoka kwenye himaya. Ila orodha mwishoni ni sawa na kumtaja mchangiaji baada ya pilau kuisha.

Kule kwetu zamani kwenye mabanda ya video tulikuwa na sheria, kuna steringi, kuna adui, na kuna rafiki wa steringi. Rafiki wa steringi kazi yake tunaijua, anachekesha, anapigana vizuri, halafu anakufa karibu na mwisho ili steringi apate hasira. Miaka themanini Mpolandi na Mcheki kwenye skrini zenu ni rafiki wa steringi. Mnabisha? Tuanze mbali. 1941 vita bado vinawaka mlitoa Dangerous Moonlight, hapo angalau Mpolandi ndo mhusika mkuu, rubani anaepiga piano, na muziki wake ule mpaka leo unapigwa maredioni. Lakini aliyemwigiza ni Anton Walbrook, mtu wa Vienna, na rubani mwenyewe kazi kubwa ni kuteseka kwa mapenzi na kupoteza kumbukumbu. 1988 ITV wakatoa Piece of Cake, vipindi sita, kikosi cha kubuni, na humo wakaingizwa Mcheki mmoja na Mpolandi mmoja, hadithi ishafika mbali, kama chumvi na pilipili. Ile series ninaipenda kwa sababu haiwalambi miguu hata Waingereza wenyewe, ila hao wawili ukiuliza wametoka wapi, mama zao wako wapi, waliacha nini, haina habari.

(Na kama mnadhani ni marubani tu, kumbukeni filamu ya Enigma ya 2001, ile ya mashine ya Wajerumani ya kuandikia siri. Waliovunja zile siri za Wajerumani mara ya kwanza, Desemba 1932, ni Wapolandi, Marian Rejewski na wenzake Różycki na Zygalski, na Julai 1939 wakawaita Waingereza na Wafaransa karibu na Warsaw wakawapa kila kitu bure. Filamu ikaja, Mpolandi pekee wa maana humo ndani ndo msaliti. Aliyeandika script ni Tom Stoppard, mtu aliyezaliwa Chekoslovakia. Hapo mimi nilikosa hata la kusema.)

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vitu vya kweli ni vitamu kuliko mnavyovitunga. Chukueni mambo madogo tu ya kazi. Hawa watu walikuwa wameshapigana kwao, wengine wakapigana tena Ufaransa, wamefika hapa wana masaa mengi angani, halafu mnawapandisha baiskeli za magurudumu matatu zenye redio na dira wazunguke uwanja wa mpira wajifunze kukaa kwenye foleni ya ndege. Baiskeli! Mtu kaiangusha ndege ya Mjerumani mwaka uliopita. Halafu mkono wa kuongezea moto, kwenye ndege walizozoea unauvuta kwako, kwenye Hurricane, ndege yenu, unausukuma mbele. Fikiria hiyo, mkono wako umefundishwa miaka yote kitu kimoja, sasa ukikosea sekunde moja wakati wa kutua umekwisha. Kipimo cha urefu wao wamezoea mita, hapa ni futi, mwendo kilomita, hapa ni maili. Hiyo peke yake ni kipindi kizima cha dakika 50 na hakihitaji bomu hata moja.

Na risasi. Wenzenu walifundishwa kufyatua kwa mbali, bunduki zimepangwa zikutane yadi 400. Wapolandi wakaona huo ni mchezo, wao walikuwa wanaingia mpaka yadi 100 na chini ya hapo, mpaka uone rangi ya kofia ya mtu. Nyie mkiigiza hilo mnaliita wazimu, chuki, damu ya moto ya Kislavu. Hapana. Ni ufundi. Mtu alikuwa amepiga hesabu kwenye vita vilivyopita akajua mbali hupati. 303 kwenye yale mapigano walidai ndege 126, wanahistoria wameipunguza sana hiyo hesabu kama walivyopunguza ya kila mtu, lakini hata ikipunguzwa bado ni moja ya vikosi vilivyofanya kazi kubwa kuliko vyote. Dowding mwenyewe, mkuu wenu wa ndege za kivita, aliandika kwamba bila vikosi vya Wapolandi anasita kusema matokeo yangekuwa yale yale. Mwanzoni hata hakuwataka.

Nikawa nasoma kuhusu John Kent, yule Mkanada aliepewa kusimamia nusu ya 303. Alichukia mpaka basi, alichokijua yeye ni kwamba jeshi la anga la Polandi lilidumu siku tatu. Halafu akafanya nini? Akaanza kujifunza maneno ya Kipolandi, anaandika matamshi kwenye mguu wa suruali, pale gotini, ili akiwa angani aangalie chini asome. Wenyewe wakaja wakamwita Kentowski. Hiyo suruali ndo naitaka kwenye skrini. Yule Mkanada anasoma goti lake, ametamka vibaya, na marubani kumi wanamjibu kwa Kipolandi "rudia tafadhali". Mtacheka na safari hii yule mzee wa kantini atacheka pia.

Sasa Wacheki. Hawa ndo mnawachanganya kabisa, kwenu Mpolandi, Mcheki, Mslovakia wote ni mtu mmoja anaitwa "ski". Vikosi vyao walikuwa navyo, 310 pale Duxford tangu Julai 1940, wakaja 312, baadae 313, na 311 ya ndege za mabomu, watu karibu 2,500 kwa jumla walipita humo. Na mtu aliyeongoza kwa kuangusha ndege nyingi ndani ya 303 ya Wapolandi alikuwa Mcheki, Josef František, ndege 17, zote mwezi mmoja wa Septemba. Hakutaka kutoka kwa Wapolandi. Alikuwa anajitenga na foleni anaenda kuwavizia Wajerumani wakiwa wanarudi kwao, mafuta yamepungua, risasi zimeisha. Wakamgombeza wakachoka, mwisho wakampa hadhi ya mgeni wa kikosi, aruke anavyotaka. Tarehe 8 Oktoba 1940 akaanguka Surrey, sio vitani, anarudi tu kutoka doria. Jaribuni kumwandika mtu huyo bila kumfanya chizi. Najua ni ngumu, ndo maana mnalipwa.

Wacheki wenyewe walijisemea, filamu ya Jan Svěrák ya 2001, wenyewe wanaita Tmavomodrý svět. Angalieni inapoanzia. Haianzii angani. Inaanzia jela ya Mírov, mwaka 1950, rubani aliyepigania Uingereza amefungwa na serikali ya nchi yake kwa kosa la kupigania Uingereza. Hapo ndo pana hadithi! Nyie kamera zenu huzimika 1945, bendera, busu, basi. Wao wanajua 1945 ndo katikati ya kitabu.

Mnajua kilichotokea Machi 1950? Baada ya wakomunisti kuchukua nchi Februari 1948, waliokuwa RAF, jeshi lenu la anga, walifukuzwa kazi, wengine wakafungwa, wengine kazi za sulubu. Waliobaki kwenye shirika la ndege wakawa wanajua zamu yao inakuja. Basi tarehe 24 Machi ndege tatu za abiria, Dakota, zikatoka miji tofauti ya Chekoslovakia asubuhi moja, zote tatu zikaenda kutua Erding, Ujerumani Magharibi, na nyuma ya mpango ni marubani wa zamani wa RAF. Tatu! Siku moja! Na ndani kuna abiria wa kawaida wanaodhani wanaenda Praha kwenye shughuli zao. Mimi nikisoma hiyo nilisimama nikaanza kutembea chumbani. Mnatengeneza series ya ishirini ya daktari wa kijijini na hii mmeiacha hapo.

Na Wapolandi nao baada ya vita. Tarehe 8 Juni 1946 London ilifanya gwaride la ushindi, nchi kibao zimealikwa, Wapolandi waliopigana chini yenu wakaachwa kwa sababu mlikuwa hamtaki kumuudhi Stalin, mkaalika marubani 25 tu wa mapigano yale, nao wakakataa kwenda bila wenzao. Mwaka huo huo kura ya maoni ilionyesha asilimia 56 ya Waingereza wanataka Wapolandi warudishwe kwao. Kwao wapi? Vijiji vya wengi wao vilikuwa vimeshapewa Umoja wa Kisovieti. Ndo maana wale wa Tengeru walikaa kwetu miaka yote ile vita vimeisha, na wengine wako pale mpaka leo chini ya mti. Na Stanisław Skalski, mmoja wa marubani wao wakubwa kabisa, alirudi Polandi 1947, mwaka uliofuata akakamatwa, 1950 akahukumiwa kifo. Kikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akatoka 1956. Kaa kwenye kile chumba na yule mtu, hiyo ndo tamthilia.

Ile filamu ya Hurricane ya 2018, ya kikosi cha 303, naikubali kuliko zote za kwenu, nisiwe mchoyo. Wapolandi ndo steringi, Urbanowicz ameigizwa na Mpolandi Marcin Dorociński, František na Mcheki Kryštof Hádek, ambae alikuwemo pia kwenye ile ya Svěrák, na inagusa kile kisa cha kutotakiwa baada ya vita. Lakini Jan Zumbach, mhusika mkuu, amepewa Mwelisi, Iwan Rheon. Anaigiza vizuri, sina ugomvi nae, ila naona bado mlikuwa na hofu kwamba bila sura ya nyumbani watu watahama chaneli.

Na huyo Zumbach mngemfuata zaidi kidogo tu, angewaleta mpaka kwetu. Baada ya vita alifanya magendo ya ndege, na 1962 akaenda Katanga, Kongo, kuendesha jeshi la anga la Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, kwa watu wanaoongea Kiswahili hiki hiki ninachowaandikia. 1967 yuko Biafra. Hapo sio shujaa tena, na wa Lubumbashi watakuwa na maneno yao ya kumwambia. Hiyo ndo raha yake. Mtu kamili, mzuri 1940, wa kulaumiwa 1962, ana bata Donald amechorwa kwenye ndege yake. Mkimwacha abaki na Septemba 1940 milele mnamuonea, na mnatuonea na sisi.

Ninachoomba, kwa hiyo. Msitengeneze nyingine ya kumbukumbu ya miaka tisini ambayo Mpolandi anaingia dakika ya arobaini na kutoka ya hamsini na mbili. Wapeni Wapolandi na Wacheki wenyewe kalamu, wako hapa hapa, watoto na wajukuu wamejaa Ealing na Hammersmith. Waacheni waongee lugha yao kwa dakika ishirini mfululizo, maandishi chini tutasoma, mbona tunasoma za Wakorea. Wapeni utani wao, sio utani juu yao, maana yule mzee ninaefanya nae kazi ni mchekeshaji hatari akiwa na wenzake, akigeukia Kiingereza anakuwa mtu wa maneno manane. Na msiishie 1945.

Kama mna dakika, barabara ya A40 kabla ya kufika Northolt kuna mnara wa marubani wa Kipolandi wenye tai juu, upo tangu 1948. Nyie wengi mnaujua kama jina la mzunguko wa magari tu, taarifa za foleni redioni zinautaja kila asubuhi. Mwaka jana yule mzee alinipeleka tarehe 1 Novemba, siku yao ya marehemu. Vikombe vya mishumaa vya kioo chekundu vimejaa chini, malori yanapita, kila lori likipita miali yote inalala upande mmoja halafu inasimama tena. Akanionyesha jina la Paszkiewicz kwa kidole, pale kwenye jiwe. Nikamsalimia kwa kile Kipolandi changu cha bibi. Mzee akaniuliza nimetolea wapi hiyo lafudhi, nikamwambia Tengeru, akaniambia rudia.

Mwaka huu pia tutakuwepo, saa kumi na moja jioni kabla ya shifti. Njooni na kiberiti, pale upepo ni mkali na vyetu huwa vinaisha.

Wenu,
Mtu wa Tengeru, magharibi ya London